Kuunda M1 Garand kwa mikono yako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Huko Anniston, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuna karakana ambamo raia wa kawaida huingia mikono mitupu, na baada ya siku chache kila mmoja hutoka na bunduki ya kivita aliyoiunga mwenyewe. Bunduki yenyewe ni M1 Garand, ile waliyobeba askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili na kisha Korea. Darasa hilo ni la Civilian Marksmanship Program, CMP kwa kifupi, taasisi yenye mizizi ya mwaka 1903 ambayo mwaka 1996 Bunge la Marekani liliitoa mikononi mwa jeshi ili ijiendeshe. Habari za darasa hili zikifika kwetu huwa zimeshatiwa chumvi njiani. Wengine husifu kupita kiasi, wengine huogopa bure, na wapo wanaouliza kama wanaweza kurudi na bunduki yao Dar.

"Wanafunzi wanafua bunduki kutoka kwenye chuma kitupu"

Hawafui chochote. Anayewaza tanuri na nyundo, kama kwa wahunzi wa magobore, amepotea tangu mlangoni. Kiini cha bunduki ni risiva, kile kipande cha chuma ambamo komeo (kile kinachoifunga risasi kwa nyuma) huteleza na mtutu hukazwa, na hicho kilitoka kiwandani miongo mingi iliyopita. Kiwanda cha serikali cha Springfield Armory, Massachusetts, ndicho kilichoanza. Winchester ikaingia wakati wa vita. Miaka ya 1950 zikaongezeka Harrington & Richardson na International Harvester, hao wa pili wakiwa watu wa matrekta. Kwa jumla zilitengenezwa takriban milioni 5.4, na nyingi zilikwenda kwa nchi rafiki kama Ugiriki, Denmark na Ufilipino. Zilizorudi ndizo CMP huzisafisha, huzikagua na kuziuza kwa raia.

Kazi ya mwanafunzi basi ni kuchagua kipuri, kukifunga, kukipima, kukikataa na kuchagua kingine. Anayekuja akitamani kukata chuma atachoka mapema, maana saa nyingi zinakwenda kwenye geji, yaani vyombo vya kupimia.

Kipimo kinachotawala yote ni nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo na bega la chemba (tundu la mtutu inamokaa risasi), pale risasi inapoegemea. Risiva na mtutu vikishakazwa kwenye jiriwa na mtutu ukakaa wima barabara (ukipinda kidogo tu, kilengeo cha mbele kinalala upande), zinatolewa geji mbili zenye umbo la risasi lakini za chuma kitupu. Komeo lazima lijifunge juu ya ile ya kwanza. Juu ya ya pili, iliyozidi urefu kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lazima ligome. Nafasi ikiwa finyu, risasi haiingii sawasawa. Ikiwa kubwa, ganda la shaba linakosa pa kuegemea, linavutika, linaweza kupasuka, na gesi ya moto inarudi upande uliko uso wa mpigaji. Chemba iliyo finyu huongezwa taratibu kwa chombo cha kukwangua, mkufunzi akiwa pembeni, na geji hurudishwa ndani kila mara. Chemba iliyokwanguliwa kupita kiasi hairudi, ndiyo maana hakuna anayekimbizwa.

"Bunduki halisi ni ile yenye namba moja kwenye kila kipuri"

Dhana hii imetoka kwa wapenzi wa bunduki za Mauser za Kijerumani, ambazo vipuri vyake kweli vilipigwa chapa za namba za bunduki. Wameibeba mpaka kwenye Garand, na huko haina mahali. Kwenye M1, namba ya bunduki iko sehemu moja tu: nyuma ya risiva, chini ya jina la kiwanda. Vipuri vingine vina namba za mchoro. Vuta komeo nyuma usome juu yake utakuta, kwa mfano, D28287-19SA. D28287 ni mchoro wa komeo, 19 ni toleo la mchoro huo, na SA ni Springfield Armory. Kuna makomeo yasiyohesabika yenye chapa hiyo hiyo.

Mtutu una tarehe yake, mwezi na mwaka, upande wa kulia, na haionekani mpaka fimbo inayoendesha komeo irudishwe nyuma. Hapo ndipo watu hushangaa: risiva ya 1943, mtutu wa 1952, kinga ya kifyatulio ya Winchester. Wanadhani wameuziwa mabaki. Lakini jeshi lenyewe ndilo lililozichanganya. Baada ya vita bunduki zilirudishwa kwenye maghala makubwa, zikafunguliwa zote, vipuri vikamwagwa kwenye mapipa kwa aina, vilivyochakaa vikatupwa, na bunduki zikaungwa upya bila yeyote kuuliza kipi kilitoka wapi. Vilitengenezwa ili viingiliane. Kwa maoni yangu, Garand iliyochanganyika ndiyo iliyoishi maisha ya kawaida ya Garand, na ile yenye kila kitu cha mwezi mmoja ndiyo ya kuulizwa maswali: mara nyingi ni mnunuzi wa baadaye aliyevitafuta vipuri kimoja kimoja ili apandishe bei.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeunga yake kwenye meza ya karakana anafanya kile kile walichofanya mafundi wa maghala. Tofauti ni kwamba wao walilipwa, yeye analipa.

"Chuma cha zamani ndicho chuma"

Kauli hii tunaipenda sana, kuanzia kwenye mabati hadi kwenye Land Rover. Kwenye bunduki inaweza kukuumiza.

Mfano ulio wazi ni bunduki iliyoitangulia Garand, M1903 Springfield. Risiva zake za mwanzo zilifuliwa na mafundi waliokadiria joto kwa macho, wakitazama wekundu wa chuma. Siku ya jua kali kiwandani, chuma kile kile huonekana hafifu zaidi kuliko siku ya mawingu, basi fundi huongeza moto, na chuma kinaungua kwa ndani bila dalili nje. Baadhi ya risiva hizo zilikuja kuvunjika kama chungu wakati wa kupigwa risasi. Mwaka 1918 Springfield walibadili utaratibu wa kukipa chuma ugumu, wakaanza kutegemea vipimajoto. Tangu hapo kukawa na mpaka unaojulikana: M1903 za Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, ni za kutundikwa ukutani. CMP yenyewe inashauri zisipigwe risasi kabisa.

Garand haikurithi tatizo hilo, lakini ina lake. Risiva zilizokuwa zimekatwa vipande na serikali ili zisitumike tena ziliwahi kununuliwa kama chuma chakavu, zikaunganishwa kwa kulehemu na kuuzwa zikiwa zimepakwa rangi vizuri. Mshono wa kulehemu chini ya rangi si rahisi kuuona. Faida kubwa ya darasa kuliko kununua vipuri mtandaoni na kujifungia gereji ni hii: risiva unayokabidhiwa imeshapita mikononi mwa mtu anayejua pa kutazama.

Mtutu nao huchakaa sehemu mbili, kooni kunakoanzia mifereji na mdomoni, na kila sehemu ina geji yake. Mtutu unaong'aa ndani unaweza kuwa umeliwa koo, na uliofifia ukawa bado unalenga vizuri. Jicho halitoshi.

"Mlio wa klipu uliwaponza askari"

Sina budi kuligusa hili, maana halikosekani popote inapotajwa Garand. Bunduki hii hubeba risasi 8 ndani ya klipu ya chuma, kishikizo kinachozibana pamoja, na ya mwisho ikitoka, klipu hurushwa juu kwa mlio wa "ting!" Inasemekana adui aliungoja mlio huo, kisha akaibuka kummaliza askari asiye na risasi. Ni hadithi nzuri. Lakini katikati ya mizinga na bunduki za rashasha, nani anasikia kipande cha bati umbali wa mita mia? Na huyo askari hakuwa peke yake. Wenzake pembeni hawakuwa wamemaliza risasi kwa pamoja. Wapo hata waliosema mlio huo uliwasaidia wenyewe, kwa kuwa uliwakumbusha kujaza.

Kinachoumiza kweli ni kidole gumba. Unapoisukuma klipu mpya ndani, komeo linaweza kuruka mbele kabla hujatoa kidole. Darasani wanaonywa wote, na bado huwa kuna anayetoka na ukucha mweusi.

Kwa kulinganisha, wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki) waliokwenda Burma walibeba bunduki ya Lee-Enfield, ambayo kila risasi ilidai mkono uvute komeo na kulirudisha. Garand ilifanya kazi hiyo kwa gesi ya risasi yenyewe. Ndiyo maana Jenerali Patton wa Marekani aliisifu mno mwaka 1945.

"Ukishaiunga, risasi yoyote ya kipimo chake inafaa"

Inaingia, ndiyo. Lakini gesi inayoendesha komeo huchotwa karibu na mdomo wa mtutu, na bunduki ilisanifiwa kwa risasi za jeshi za wakati wake. Risasi nzito za kuwindia zenye baruti inayoungua polepole hufika pale zikiwa bado na msukumo mkubwa, na fimbo ndefu inayosukuma komeo hupinda. Risasi za jeshi za miaka ya 1940 nazo zina fataki (viwashio vya baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haioshwi kwa mafuta peke yake. Inataka maji kwanza, jambo linalowashtua wengi.

"Garand alitajirika"

John Garand alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1888, akaanza maisha akifagia kiwanda cha nguo huko Marekani. Haki za ubunifu wake aliikabidhi serikali. Bungeni uliletwa muswada wa kumpa dola 100,000, haukupita. Aliendelea na mshahara wake Springfield mpaka alipostaafu.

"Ni ya zamani, kwa hiyo sheria haiihusu"

Sheria ya shirikisho ya Marekani huzihesabu kuwa za kale zile zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla. M1 ilipokelewa jeshini mwaka 1936. Ni silaha kamili, na kisheria silaha hiyo ni risiva. Mbao, springi na vipuri vingine ni vipuri tu. Ndiyo maana unaweza kutumiwa kitako kwa posta bila maswali, ila risiva haitoki bila karatasi na ukaguzi wa historia ya mnunuzi. CMP inadai zaidi: uwe raia wa Marekani, mwanachama wa klabu inayoshirikiana nao, na uthibitisho kwamba umewahi kushiriki mambo ya shabaha. Kuwa askari mstaafu si sharti, wala kuwa fundi.

Hapa ndugu zetu walioko huko kwa masomo wawe waangalifu. Kwa kawaida, mwenye viza ya muda haruhusiwi kumiliki silaha, na sheria inahesabu hata kuishika. Vighairi vipo, kama leseni ya uwindaji, lakini si vya kukisia. Aulizwe mwanasheria kabla ya kujiandikisha popote.

Na wale wa kurudi nayo Dar: kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha serikali ya huko, na kuiingiza kunahitaji kibali cha hapa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Cheti cha darasa si kibali, hata kikiwa na muhuri.