Je, wajua kwa nini maji mengi hayasafishi chumvi kwa mgonjwa wa figo?

Kuna ushauri unazunguka sana kwamba mwenye ugonjwa sugu wa figo akila chakula chenye chumvi anywe maji mengi juu yake, yataisafisha itoke na mkojo. Unaingia akilini kirahisi, maana chumvi inayeyuka kwenye maji na maji yanatoka, sasa yenyewe ibaki kwa nini? Lakini inabaki, na kwa mgonjwa wa figo ushauri huu unaweza kumuishia kwenye miguu kuvimba na presha kupanda.

Figo zenye afya zinachuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, halafu karibu yote zinayarudisha mwilini pamoja na zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu iliyochujwa, yaani ile sehemu ya chumvi inayohusika hapa. Kinachotoka ni lita moja na nusu hivi au mbili za mkojo. Yaani sodiamu kutoka au kubaki haiamuliwi na glasi ngapi umekunywa, inaamuliwa zaidi na homoni kama aldosteroni na nguvu ya damu inayosukuma kwenye figo. Ukinywa maji mengi, figo yenye afya inayatoa hayo maji tu, mkojo unakuwa mweupe na sehemu kubwa ya chumvi iko palepale. Figo iliyochoka hata hayo maji inachelewa kuyatoa.

Tena chumvi ndiyo inayoyashika maji. Mwili unalinda sana kiwango cha sodiamu kwenye damu, kwa hiyo ukila chumvi unapata kiu, unakunywa, na maji yanabaki mpaka chumvi ipate njia. Dripu ya kawaida ya chumvi hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita, na hesabu ndo hiyohiyo mwilini: gramu 9 zikikwama zinakaa na karibu lita nzima ya maji. Mgonjwa akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, mara nyingi ni maji, wala si mafuta.

Sasa hiyo njia ya kutoka ni ipi? Hapa ndo patamu. Chukua ndoo yenye matundu kumi chini, mimina maji bila kukatiza, yatapanda mpaka yanayotoka yalingane na unayomimina, kisha yatatulia. Ziba matundu matano, uendelee kumimina vilevile. Ndoo haifuriki hapohapo, maji yanapanda juu zaidi mpaka uzito wake usukume kiasi kilekile kupitia matundu machache. Kinachomiminwa ni chumvi unayokula, matundu ni nefroni, vichujio vidogo ambavyo kila figo inazo kama milioni moja, na kimo cha maji ni presha. Ndo maana mgonjwa wa figo anaweza kuwa anatoa chumvi yote anayokula kila siku na bado anaumia, kwa sababu anaitoa kwa gharama ya presha kubwa. Nefroni zilizobaki zinasukumwa kupita uwezo, zinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, zinapata makovu, matundu yanazidi kuzibika. Ukipunguza kumimina, kimo kinashuka chenyewe.

Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2011 kwamba wagonjwa wa figo wanaovuja protini na wanaotumia lisinopril, dawa ya presha, walifaidika zaidi kwa kupunguza chumvi kuliko kwa kuongezewa dawa ya pili, valsartan. Kwangu hiyo ni habari kubwa. Ila majaribio mengi ya chumvi ni ya wiki au miezi michache, yanaonyesha wazi presha na protini vikishuka, ila hayatoshi kuthibitisha kwamba mtu atachelewa kufika kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kwa miaka kadhaa. Na kuna magonjwa machache ya figo yanayopoteza chumvi ovyo, hao wasipunguze kabla ya kuongea na daktari wao.

Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile iliyo ndani ya mkate, soseji, supu za pakiti na vyakula vya kopo. Lebo ikiandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Ulimi nao unazoea baada ya wiki kadhaa.

Chumvi ya bahari na ile ya rangi ya pinki ni sodiamu ileile. Chumvi mbadala ndo ya kuogopa zaidi, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na figo dhaifu inashindwa kuitoa, hasa kwa anayetumia dawa za presha kama enalapril au losartan, ikirundikana kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuyasimamisha. Soma pakiti, ukiona potasiamu iache mpaka daktari apime damu yako.