Taharuki: kinachofanya filamu ya kutisha ya zamani iendelee kutisha

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari amekutana na neno taharuki. Darasani tuliambiwa ni hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata. Maana hiyo ni sahihi, ila ni nyembamba. Taharuki ni moyo kukaa juu juu: unajua baya linakuja, hujui litafika saa ngapi, na huna la kufanya kulizuia. Ukiishika maana hiyo, lile swali linaloulizwa huku Mbeya baridi ya Juni na Julai ikishabana, kwamba leo tuangalie filamu gani ya kutisha, halikusumbui tena.

Kumbuka ngano ya zimwi na msichana aliyetiwa ndani ya ngoma. Zimwi linapita kijiji hadi kijiji, linapiga ngoma, sauti nzuri inaimba kutoka ndani, watu wanacheza na kulilisha. Siku moja linafika kijijini kwa wazazi wa msichana. Sisi wasikilizaji tunajua aliyemo ndani. Wao wanacheza. Hapo ndipo bibi anayesimulia anapopunguza sauti, na mtoto aliyekaa mkekani anatamani kupiga kelele awaambie. Damu haijamwagika hata tone. Kuna pengo tu kati ya tunachokijua sisi na wasichokijua wao, na taharuki inakaa ndani ya pengo hilo.

Mshtuko ni kitu kingine. Paka anaruka kutoka kabatini, muziki unalipuka, unaruka kitini, yamekwisha. Ukiirudia filamu ya namna hiyo, imeshakufa, kwa sababu unajua paka yuko wapi. Ya taharuki ukiirudia inakubana zaidi, maana safari hii unajua mapema kuliko mara ya kwanza. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha filamu ya kutisha inayostahili kuitwa klasiki. Umri peke yake hautoshi.

Chukua Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Watu huizungumzia kwa lile tukio la mwanamke kuuawa bafuni, ambalo damu yake ilikuwa rojo ya chokoleti, kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe. Mimi naomba uangalie kinachofuata. Kijana Norman, mwenye ile nyumba ya wageni, amesafisha chumba, ameuweka mwili kwenye buti la gari, na amelisukuma gari kwenye kinamasi. Amesimama ukingoni anatafuna huku likizama. Ghafla linasimama, paa bado liko nje. Norman anaacha kutafuna, anageuza shingo huku na huku. Na wewe uliyeko kwenye kochi umebana pumzi, unaomba lizame. Unamwombea anayeficha maiti! Kisha linazama, unashusha pumzi, ndipo unagundua filamu imekupeleka wapi. Hakuna paka wa kabatini anayeweza kukufanyia hivyo.

Wakati mwingine taharuki huzaliwa na shida. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka 1975, papa wa mashine alikuwa akiharibika baharini mara kwa mara. Ikabidi amfiche: tunaona maji, tunasikia ule muziki wa noti mbili, na papa mwenyewe haonekani sawasawa mpaka filamu imepita saa nzima. Kisichoonekana kikawa kikubwa kuliko mashine yoyote. Ukiwa na watoto wanaosubiri likizo ya kwenda kuogelea Matema, iweke baada ya safari, isiwe kabla, hata kama Ziwa Nyasa halina papa.

Nikitakiwa kuchagua moja ya kuangalia na familia yenye wazee, nachagua Nosferatu ya F. W. Murnau, ya Ujerumani, 1922. Ilitengenezwa bila ruhusa ya familia ya mwandishi wa Dracula, riwaya ya mnyonya damu. Mjane wake akashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, lakini chache zilinusurika na ndiyo maana tunayo. Ni filamu bubu, kwa hiyo lugha haimtengi mtu. Nilimwekea bibi yangu alipotoka Tukuyu kuja kukaa nasi Uyole, nikawa namsomea kwa Kiswahili maandishi yanayokuja katikati. Kivuli kilipoanza kupanda ngazi, vidole virefu, mwenyewe haonekani, bibi alishika kanga yake kwa mikono miwili akasema, "Mwambieni huyo binti, jamani! Yuko mlangoni!" Ilikuwa ngoma ya zimwi ileile.

Hapo utaona kwa nini filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo mtafsiri huzungumza juu ya picha na tulizokulia kwenye vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video, haziifai kazi hii ingawa nazipenda. Mtafsiri mzuri hakai kimya. Anajaza kila pengo, anakwambia adui yuko nyuma ya mlango. Kwenye filamu ya ngumi inanoga. Kwenye filamu ya taharuki ule ukimya ndio chakula chenyewe, naye amekula.

Kuna sharti moja. Taharuki inaburudisha pale tu mtazamaji anapojua yeye mwenyewe yuko salama. Mwanzoni mwa 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa kikatili, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Mtu aliyeyapitia hayo usimwekee filamu ya kafara ukaita burudani. Vivyo hivyo The Exorcist ya 1973, ya binti aliyepagawa: ni kazi kubwa, lakini siiweki kwenye nyumba ambamo kuna mtu anaombewa kwa jambo kama hilo. Uliza kwanza waliopo. Na usalama wenyewe uwe wa kweli: jiko la mkaa lisikae ndani ya chumba kilichofungwa ili muote moto mkiangalia. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua. Vaeni makoti, jifunikeni mablanketi, jiko libaki nje.

Wageni wakiwa wengi, na upepo unagonga bati, weka Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. Tangazo la hakimiliki lilisahaulika kwenye nakala zake, kwa hiyo ni mali ya umma na unaipata bure kihalali. Ina kama dakika 96. Ni watu waliojifungia kwenye nyumba ya shamba, wanapigilia mbao madirishani, wafu waliofufuka wako nje, na wenyewe hawaelewani wajifiche juu au chini. Zima taa ya sebuleni, ya koridoni iache, chaji simu mapema kwa sababu ya umeme wetu, na anza saa mbili usiku, ili wa kurudi Mwanjelwa wapate bajaji.