Umeme Hauipi Sarafu Thamani: Ufafanuzi kwa Wachimbaji wa Sarafu za Kidijitali

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko ya transfoma kuelemewa na mita kuchezewa, sisi wasambazaji wa umeme tunalazimika kueleza tena kwamba sarafu ya kidijitali haipati thamani kwa sababu imekula umeme mwingi. Umeme huo huendesha mashine za wachimbaji, yaani kompyuta zinazoshindana kufanya hesabu ili kuthibitisha miamala na kulipwa sarafu mpya, na hivyo hulinda daftari la miamala, kwa kuwa anayetaka kulighushi hulazimika kugharamia nguvu ya kompyuta kubwa kuliko ya wachimbaji wengine wote; bei huamuliwa na wanunuzi, na ikipanda ndipo mashine nyingi zaidi huwashwa.

Wala kuongeza mashine hakuongezi sarafu. Mfumo wa Bitcoin hurekebisha ugumu wa hesabu zake kila baada ya bloku 2,016 (bloku ni fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari), yaani takriban wiki mbili, ili bloku moja ipatikane kwa wastani wa dakika 10 hata wachimbaji wakiongezeka maradufu. Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu ya kidijitali, iliacha kabisa uchimbaji Septemba 2022, matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99, na sarafu yake ingali inauzwa na kununuliwa. Inasikitisha kwamba baada ya ushahidi huo bado wapo wanaoshawishi watu watoe akiba zao kwa hoja kwamba umeme ndio dhamana ya sarafu.

Mashine moja ya kilowati 3.5 isiyozimwa hutumia uniti 84 kwa siku, sawa na 2,520 kwa siku 30. Kwa hiyo anayetaka kuchimba awasilishe kwanza kwetu maombi ya kuongezewa mzigo, akitaja idadi ya mashine, kilowati za kila moja pamoja na za vipoza hewa, asubiri ukaguzi wa transfoma na nyaya, afungiwe mita inayolingana na matumizi hayo, ndipo awashe. Anayebainika kuchepusha umeme kabla ya mita hukatiwa huduma, hukadiriwa deni la kipindi chote cha wizi na hushtakiwa kwa mujibu wa sheria, na kulipa deni pekee hakumrudishii umeme kabla nyaya hazijakaguliwa upya.

Madhara ya kuzidisha mzigo yamekwishaonekana kwingine: China ilipopiga marufuku uchimbaji mwaka 2021, mashine nyingi zilihamia Kazakhstan na gridi ya umeme ya nchi hiyo ikazidiwa. Januari 2022 wachimbaji wa huko walikatiwa umeme, wakiwemo waliokuwa wamejisajili kihalali.