Kituo cha Wazee Kijijini Si Nyumba ya Kulala

Kila inapokaribia Oktoba 1, Siku ya Kimataifa ya Wazee, maombi ya kujengewa vituo vya wazee huongezeka katika ofisi za ustawi wa jamii. Ieleweke kwamba makazi ya wazee hapa Tanzania kama ya Kolandoto, Shinyanga, na Bukumbi, Mwanza, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Si mahali pa kumpeleka mama ambaye wanawe wamechoka kumuuguza. Anachohitaji mzee wa kijijini ni chumba kimoja kilichotengwa kwa ajili ya baraza la wazee, chenye mabenchi ya kuegemea, choo cha karibu na siku ya kukutana inayojulikana.

Kazi ya kwanza ya kituo cha namna hiyo ni utambuzi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na msamaha wa gharama za matibabu umekusudiwa kwa mzee asiye na uwezo. Malalamiko mengi yanayotufikia yanatoka kwa waliosoma nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo. Kwa kawaida jina la anayeombewa msamaha huanzia kitongojini, likathibitishwa na mtendaji wa kijiji kwa sahihi na mhuri, likapitia kata, ndipo likafika halmashauri. Karatasi isiyo na mhuri hurudishwa, hata kama mwenyewe ameshinda njiani. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa asaidiwe kuukadiria kwa matukio, kwani aliyekuwa akichunga ndama Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 hana sababu ya kubishaniwa. Kumwongezea umri mtu wa miaka 54 ni jambo jingine kabisa: kughushi hati, chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 7, na anayegonga mhuri huku akijua naye hujiweka hatarini.

Siku ya baraza ndiyo siku ya kumwomba mhudumu wa zahanati aje na kipimo cha shinikizo la damu na kuwatazama macho wanaolalamika ukungu, maana mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka 40 yanatokana na moshi. Inachosha kulirudia hili, lakini katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa rangi hiyo, inayodhaniwa kuwa dalili ya uchawi, imewagharimu wanawake wazee maisha yao. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Wazee wenyewe ndio husikia minong'ono mapema, hasa baada ya mpiga ramli kupita, hivyo taarifa ifike kwa mtendaji au polisi siku hiyohiyo, si baada ya kikao cha ukoo.

Mwisho, daftari la mahudhurio. Jina likikosa alama mara mbili mfululizo, mjumbe wa baraza aende nyumbani kwa mwenyewe kabla jua halijazama, aonane naye uso kwa uso, asiridhike na salamu za wajukuu.