Je, shashi anamtibu kifaru au anamnyonya?

Kwenye mtihani wa sayansi shule ya msingi tuliulizwa: ndege anayetua mgongoni mwa kifaru anafanya nini? Nikaandika kama tulivyofundishwa. Anakula kupe, ndege anashiba, mnyama anapata nafuu. Nikapewa vema. Miaka mingi baadaye nikamwona ndege huyohuyo juu ya punda. Kupe walikuwa wamejazana masikioni, yeye ameng'ang'ania kidonda begani, anadonoa.

Ni shashi. Wako wa aina mbili tu, wa domo jekundu na wa domo la njano, wote ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Kupe anakula kweli, tena wengi. Nilichokosea ni kudhani kwamba shida yake ni kupe.

Shida yake ni damu. Kupe kwake ni kama pakiti ya maziwa: mnywaji hana haja na pakiti. Ndiyo maana hupenda wale walionona. Lakini kupe aliyenona ameshakunywa. Ni sawa na mlinzi anayemwacha mwizi abebe mpaka gunia lijae, kisha anamnyang'anya gunia na kwenda nalo kwake. Mwenye nyumba anapata nini? Kweli, kupe jike akiliwa hatagi mayai yake maelfu, ila faida hiyo ataiona yeyote atakayepita kwenye nyasi zile baadaye. Na pakiti zikiadimika, kuna bomba: kidonda. Kigaga kikianza kukiziba, shashi anakibandua.

Mtafiti Paul Weeks alilipima jambo hili kwa ng'ombe nchini Zimbabwe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kundi moja lilizuiliwa ndege, jingine likaachiwa. Idadi ya kupe wakubwa haikutofautiana kwa maana yoyote, ila walioachiwa ndege vidonda vyao vilichelewa kupona. Ndege hao walikula hata nta ya masikio.

Hapo nilitaka kumwandika shashi kwenye daftari la wanyonyaji na kufunga hesabu. Haraka hiyo nayo si nzuri. Ng'ombe si kifaru, na kupe wanaopendwa wakiwa tele, vidonda huguswa kidogo. Swala pala wanaohudumiwa na shashi hupunguza kujisafisha wenyewe, kwa hiyo kuna kazi inayofanyika. Tembo, kwa upande wake, kwa kawaida hataki hata kumwona.

Halafu kuna jina lake la pili la Kiswahili: askari wa kifaru. Si daktari, askari. Mwaka 2020 Roen Plotz na Wayne Linklater walichapisha utafiti wa vifaru weusi katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Mtu alimsogelea kifaru bila kujificha, halafu ikatazamwa kama kifaru atashtuka. Wasio na ndege walimgundua mara 23 tu kati ya 100, wastani wa mita 27. Wenye shashi walimgundua kila mara, wastani wa mita 61.

Kifaru haoni mbali, na pua yake haimsaidii upande upepo unakoelekea. Shashi akipiga kelele, kifaru huinuka na kugeukia upande huohuo, kidonda chake kikiwa bado wazi.