Kizibao cha kupoza mwili hakipimwi kwa kukishika

Maswali kuhusu vizibao vya kupoza mwili (vya kulowekwa, vya barafu, au vya mirija ya maji yanayosukumwa na pampu) yameongezeka, hasa kutoka karakana za Nyakato, Mwanza, na timu za kupulizia dawa. Wengi huanza na bei. Muulizeni kwanza muuzaji: kinaondoa wati ngapi za joto, kwa muda gani, kikiwa ndani ya vazi kinga lipi?

Kizibao cha kulowekwa hupoza mwili maji yake yanapogeuka mvuke. Ndani ya ovaroli lisilopitisha hewa, mvuke huo hauna pa kwenda. Mfanyakazi hutota tu, joto liko palepale. Tumelisema hili mara nyingi, na bado vinaagizwa kwa katoni.

Hata wanaanga yaliwakuta. Juni 1966 Eugene Cernan, akiwa nje ya chombo cha Gemini 9A, alizidiwa na joto na jasho hadi kioo cha kofia kikajaa ukungu. Suti yake ilipozwa kwa oksijeni ya kupulizwa tu. Suti za Apollo zilizotembea mwezini zikawekewa vazi la ndani lenye mirija ya maji.

Upimaji sahihi hutumia sanamu ya umbo la mtu yenye hita na ngozi inayotoa jasho. Ngozi na hewa ya chumba huwekwa nyuzi 35 zote mbili, ili hewa isisaidie wala isiharibu. Sanamu huvishwa vazi kinga peke yake, umeme inaotumia kubaki kwenye nyuzi hizo hurekodiwa. Kisha kizibao huvalishwa ndani ya vazi lilelile. Tofauti ya umeme ndiyo wati za kupoza. Ikishuka chini ya wati 50, muda wa kazi wa kizibao umekwisha, hata kama kizibao bado ni baridi mkononi.

Kwa vizibao vya mirija, wauzaji hupenda kuonyesha hesabu ya maji: lita 1 kwa dakika, ikirudi na nyuzi 3 zaidi, ni takriban wati 209. Hesabu haina kosa, ila mirija hunyonya pia joto la nje, ambalo halikutoka mwilini. Na kilo 2 za barafu zikiyeyuka hunyonya kilojuli 668. Zigawe kwa saa nne zinazoandikwa kwenye lebo: wati 46. Mtu wa kazi nzito huzalisha joto la zaidi ya wati 400.

Kabla ya zamu, jaza kizibao cha mirija maji yaliyochemshwa na kuchujwa. Si ya ziwani, jamani; mwani huziba vali. Endesha pampu mpaka mapovu yaishe, kisha mvaaji achuchumae huku ukitazama mtiririko, maana mirija hukunjika kiunoni. Barafu ikae juu ya fulana. Ikigusa ngozi huiunguza, na mishipa ya damu ikibana, joto hubaki ndani ya mwili.

Majaribio kwa watu hufuata baada ya sanamu, chini ya usimamizi wa daktari, na husitishwa joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 38.5 au mhusika akitaka kuacha.

Ripoti ya upimaji itaje aina ya ovaroli lililotumika. Isipolitaja, haithibitishi chochote kuhusu kazi yako. Nakala ikae karakana, si makao makuu. Mkaguzi asipoikuta anaweza kuitaka kwa maandishi.