Mbolea ya Asili Nayo Inaunguza

Jumamosi dada mmoja kaniletea trei ya nyanya, kaipakata kwenye bodaboda kutoka Kimara mpaka hapa kitaluni. Trei ya mashimo 200, miche iliyo hai haizidi 30, na hiyo nayo kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na pasi. Kabla sijafungua mdomo akajitetea: "Lakini kaka, mimi sijaweka kemikali. Nimeweka samadi ya kuku tu."

Hiyo "tu" ndiyo inayonitoa jasho. Naisikia kila wiki.

Mche haujui nitrojeni hii imetoka kiwandani na ile imetoka bandani. Na katika samadi zetu, ya kuku ndiyo kali. Kuku hakojoi pembeni: ule weupe juu ya kinyesi chake ndio mkojo wenyewe, na ukilowa unageuka amonia. Shambani udongo ni mwingi, ukali unapata pa kutawanyika. Shimo la trei linabeba kama kijiko kikubwa kimoja cha mchanganyiko, mzizi utakimbilia wapi? Halafu kuna chumvi. Zikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii ndani, kwa hiyo mche unanyauka huku chini kumelowa chepechepe. Mwenyewe akiona umenyauka anaongeza maji. Kesho kutwa kinyausi kimeingia, shina limesinyaa pale linapogusana na udongo, miche imelala mstari mzima, na anayelaumiwa ni muuza mbegu.

Samadi iliyoiva ni kitu kingine. Usipime kwa miezi, maana lundo lililokaa kavu linaweza kufikisha mwaka na bado bichi. Tumia pua. Lowesha konzi moja, tia kwenye kopo lenye mfuniko, fungua asubuhi. Ikikupiga machoni, irudishe kwenye lundo. Ikinuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, endelea. Mimi hata baada ya hapo napanda mchicha kidogo ndani yake, mbegu yake rahisi na inaota haraka. Ukiota vizuri, ndipo naamini.

Sasa, unalisha lini? Si siku ya kusia. Mbegu imekuja na chakula chake, na yale majani mawili ya kwanza ni akiba hiyo hiyo. Subiri majani halisi mawili. Lakini usingoje mno kama umetumia kokopiti, maana hilo ni vumbi la makumbi, halina chakula cha maana. Lioshe kwanza, hasa la huku pwani ambako makumbi huvundikwa kwenye maji ya bahari.

Mboji ya minyoo ndiyo naipenda: sehemu moja kwa tano za kokopiti, unachanganya mwanzoni na kusahau. Mbolea ya maji, mara moja kwa wiki, iwe na rangi ya chai ya rangi ya mgahawa unaobana majani. Tithonia, lile ua la njano kama alizeti linaloota kando ya barabara kule Arusha, ni nzuri: majani yake yakikauka yana nitrojeni kama asilimia 3.5, na potasiamu zaidi ya hapo. Yaloweke wiki mbili, mbali na dirisha la jirani. Maganda ya mayai yataoza mche wako ukiwa umeshazaa. Jivu usichanganye na samadi wala mkojo, linafukuza nitrojeni hewani.

Mkojo wa sungura nauzungumza kwa aibu kidogo. Nawaambia watu lita moja kwa lita 20 za maji. Hesabu hiyo niliipata kwa kuua miche, si maabara, na dumu la leo si kali sawa na la mwezi jana. Jaribu kwenye mstari mmoja, ngoja siku tatu. Na ile "chai ya mboji" inayokorogwa kwa pampu ya hewa, niliwahi kugawa trei nusu kwa nusu nikailinganisha na mboji iliyolowekwa kawaida. Sikuona tofauti. Naikoroga bado, sijui kwa nini.

Kingine, wakazi wa ghorofani: mche uliorefuka kama uzi na kulalia dirisha hauna njaa, una giza. Ukiupa nitrojeni unarefuka zaidi na kuanguka. Sogeza pazia. Upeleke kibarazani.

Yule dada tulimwagia trei yake maji mengi mara tatu kuosha chumvi, yakatoka chini rangi ya kahawa, kisha meupe. Akauliza, "Sasa niweke nini?" Nikamwambia maji, wiki nzima. Akaniangalia kama nimemficha dawa. Kufika getini akageuka: "Na mkojo wa sungura, kidogo tu?"